Ukingo wa Paa

Maandiko: Kumbukumbu la Torati 22:8, Ezekieli 34:18-19, Luka 19:1-10

Mchungaji wetu aliponiachia madhabahu Jumapili iliyopita alinipa mada ya kazi na biashara, kwa sababu anajua nilisomea biashara chuoni kabla sijaitwa kwenye huduma. Nafikiri alitarajia nifundishe kuhusu akiba na mtaji. Hayo tutafika. Lakini wiki nzima Roho alinisukuma niseme jambo ambalo nimelibeba karibu miaka kumi, na mpaka Jumapili asubuhi mtu wa pekee aliyelijua lote alikuwa mke wangu.

Tuanze na andiko. Kumbukumbu 22:8 ni mstari mfupi ambao wengi wetu tunaupita tukienda kwa baraka za sura ya 28. Unasema mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Paa za kule zilikuwa tambarare. Watu walipanda juu jioni kupunga upepo, walianika nafaka huko, hata kulala walilala huko.

Sasa sikia. Mwenye nyumba anaijua paa yake. Anaweza kutembea juu gizani na asianguke. Ukingo ni wa mgeni, ni wa mtoto wa jirani. Yaani Mungu anamwambia mtu atoe pesa yake, anunue mawe, alipe fundi, kwa ajili ya usalama wa mtu ambaye hata hajafika bado. Na anasema hivyo kuhusu nyumba mpya. Ukingo unaingia kwenye bajeti tangu siku ya msingi. Hausubiri mtu wa kwanza aanguke.

Mimi niliwahi kuutoa ukingo. Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya hesabu kwenye kiwanda kimoja cha kutia rangi vitambaa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina njaa ya kuonekana. Nikapewa kazi ya kupunguza gharama. Nikapitia vitabu mstari kwa mstari, nikakuta ule wa kutibu maji machafu: chokaa, kemikali, umeme wa pampu, mshahara wa vijana wawili wa zamu ya usiku. Pesa nyingi, na haileti hata shilingi moja ya mauzo. Nikaandika pendekezo la kurasa mbili. Mtambo ufanye kazi mchana, wakati wakaguzi wanaweza kuja. Usiku valvu ifunguliwe, maji yaende mtoni.

Sikuandika neno "mtoni". Niliandika "mfereji wa nje". Ona vile lugha ya ofisi inavyomsaidia mtu kulala.

Meneja alifurahi. Mwisho wa mwaka nikapata bonasi. Na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, kwa sababu wengine wenu mlikuwepo. Nilisimama pale mbele nikatoa fungu la kumi la ile bonasi na ushuhuda juu yake. Nikasema Mungu amenipa hekima ya Danieli katika nyumba ya mfalme. Mkapiga vigelegele.

Baadaye, nikiwa nimeshaacha ile kazi, timu yetu ya kutembelea wagonjwa ilienda kwa mama mmoja mzee anayelima sukuma wiki kando ya mto, chini ya viwanda. Mikono yake ilikuwa imepasuka, ngozi ngumu kama gome. Wajukuu walikuwa wakijikuna mbele yetu. Tukaomba. Tulipokuwa tukinywa chai akaanza kusimulia juu ya mto. Akasema zamani alijua siku kwa kutazama maji: usiku fulani yanakuja buluu, usiku mwingine yanakuja mekundu ya damu ya mzee, na asubuhi majani ya chini yana utando.

Nikaweka kikombe chini. Ile damu ya mzee niliijua. Ilikuwa oda ya vitambaa vya sare za shule. Mimi ndiye nilikuwa nikiandika ankara zake.

Sina karatasi ya daktari inayosema mikono ya yule mama iliharibiwa na kiwanda chetu. Viwanda kando ya ule mto ni vingi, na sitaki kuwadanganya ili mahubiri yangu yawe matamu. Lakini hicho ndicho kichaka ambacho sisi watu wa biashara tunajifichia. Kila mmoja anamwaga kidogo, mto unachanganya, na mwisho hakuna anayeulizwa. Ezekieli 34 haikubali. Pale Mungu anawauliza kondoo walionona: hamkutosheka kunywa maji safi, ilibidi mvuruge yaliyobaki kwa miguu yenu, na kondoo wengine wanywe hayo? Hataji ni mguu wa nani. Anasema kundi lililonona, wote.

Kuna mahali katika nchi yetu ambapo mguu ulijulikana. Nenda Mombasa, upande wa Jomvu, kijiji cha Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda kilianza kazi ukutani mwa kijiji, kinayeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kwa macho ya biashara ni wazo zuri, hata la kupongezwa: takataka inageuka pesa, vijana wanapata kazi. Shida ilikuwa moshi na maji yake. Mwaka 2009 dada mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa pale. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia ripoti ya athari za kiwanda kwa mazingira. Ripoti ikasema kiwanda kinadhuru watu, hakifai kuwa pale. Akaondolewa kwenye hiyo kazi. Halafu mtoto wake mchanga akaugua, na dawa hazikusaidia, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi.

Niwaeleze risasi inafanya nini, kwa sababu hapa kanisani tuna mafundi na akina mama. Mwili unaidhani ni kalsiamu, ile ya maziwa. Unaipokea, unaihifadhi kwenye mifupa na meno, na inaweza kukaa huko miaka mingi. Mama akipata mimba mifupa yake inaitoa tena, inapita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mtoto hafi leo. Anakuwa mzito darasani, anakuwa mkali, hawezi kutulia. Mwalimu anamwita mjinga. Na sisi, samahani niseme, tunamwekea mikono na kukemea roho ya uzito wa akili, na hakuna aliyeuliza baba yake anavaa nguo gani kutoka kazini. Vumbi la risasi linaingia nyumbani kwa ovaroli.

Ninaamini uponyaji. Nimeona Mungu akiponya. Lakini Elisha alipoletewa habari ya maji mabaya ya Yeriko katika 2 Wafalme 2, hakuanza kwa kuwaombea wagonjwa mmoja mmoja. Alitoka akaenda mpaka kwenye chemchemi.

Kiwanda cha Owino Uhuru kilifungwa mwaka 2014. Omido alikuwa amekamatwa na kushtakiwa kwa kuongoza maandamano, akaachiliwa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamua wakazi, kama 3,000 hivi, walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Serikali ikakata rufaa, uamuzi ukavurugika, na ni Desemba 2024 tu ndipo Mahakama ya Juu iliporudisha ile fidia. Hesabu mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa amefika umri wa kidato cha nne.

Kama mtu wa hesabu, jambo hili linanisumbua kwa namna yake. Vitabu vya kile kiwanda huenda vilionyesha faida. Vya kiwanda chetu vilionyesha faida, mimi niliandika. Gharama haikupotea, ilihamishwa tu. Ilitoka kwenye kitabu cha kampuni ikaingia kwenye kitabu cha mama wa sukuma wiki: dawa ya kupaka, nauli ya kliniki, siku ambazo hakwenda sokoni. Yeye hana mkaguzi wa kumsaidia kuidai. Chuoni walitufundisha kwamba gharama ya namna hiyo iko nje ya kampuni. Biblia inaiita damu juu ya nyumba yako.

Najua mnachofikiria. Pasta, mimi sina kiwanda, nina kibanda. Sawa. Wewe mwenye gereji, ile oili chafu unaimwaga wapi? Wewe unayevunja betri nyuma ya nyumba, unamwaga asidi kwenye udongo ambapo watoto wanacheza, hiyo asidi imebeba risasi. Wewe unayeuza chipsi na kuwasha jiko kwa vipande vya plastiki kwa sababu mkaa umepanda, moshi unawaingia kwanza wewe na mtoto uliyembeba mgongoni. Sisemi haya kwa dharau. Najua mkaa ni pesa ngapi. Na kanisa lisijitoe: jenereta letu linapumulia kwenye dirisha la ploti ya nyuma kila stima ikipotea, na katika kikao cha wazee nimeomba tulihamishe kabla ya kununua spika mpya. Jibu bado.

Wengine mmeajiriwa, na ni wewe unayeambiwa ufungue valvu usiku. Siwezi kusimama hapa nikuambie ukatae kirahisi, halafu mwezi ukiisha nikuache na landilodi. Kama uko hapo, njoo tuongee kwa siri. Katiba yetu, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na NEMA inapokea malalamiko. Ikibidi jina la kuandika liwe langu badala ya lako, nitaandika.

Namalizia na Zakayo. Kilichonichoma ni kwamba Zakayo hakutoa sadaka peke yake. Nusu aliwapa maskini, ndiyo, lakini wale aliowadhulumu alisema atawarudishia wao, mara nne. Mimi nilimpa Mungu asilimia kumi ya pesa iliyotoka kwa watu wa chini ya mto, na watu wa chini ya mto sikuwapa hata salamu.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilirudi kwa yule mama. Nilimweleza yote, mpaka kurasa mbili za pendekezo. Nilitegemea atanifukuza, au pengine, nikisema ukweli, nilitegemea atanikumbatia na kusema nimekusamehe mwanangu, nipate la kuhubiri. Hakufanya hivyo. Alikaa kimya kitambo, akaangalia shamba lake. Kisha akaniuliza, "Na hizo mboga nilizowauzia watu miaka yote hiyo?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Mimi na mke wangu tumeanza kulipia maji ya mfereji na tangi kwake, ili aache kumwagilia kwa maji ya mto. Haifiki mara nne. Nimeandika barua kwa kile kiwanda, nikaweka sahihi yangu, na nitawajulisha wakijibu.

Jumatano baada ya maombi ya jioni nitabaki kwenye ofisi ndogo pamoja na ndugu yetu ambaye ni afisa wa afya ya umma. Kila mwenye kibanda, gereji, saluni au karakana aje, na tutaandika kwenye karatasi takataka yako inaenda wapi na inapita kwa nani. Na yule ndugu aliyenishika mkono mlangoni akaniambia ana betri kumi na nane nyuma ya nyumba, tafadhali usizivunje na usizichome. Zifunike na turubai, watoto wasizikaribie, uje Jumatano tutafute mnunuzi mwenye leseni.