Mlima wa Ridhaa

Kiswahili kina jina zuri la mtu anayecheza bila kulipwa: mwanamichezo wa ridhaa. Wafaransa na Waingereza humwita amateur, neno lenye mzizi wa Kilatini wa kupenda. Kwao huyo ni mpenzi wa mchezo. Kwetu ni mtu aliyekubali. Tofauti hiyo yaonekana ndogo mpaka siku utakapopanda mlima mkali kwa baisikeli. Mapenzi huishia kona ya pili. Baada ya hapo inabaki ridhaa peke yake: kila pedali inapofika juu unaulizwa upya kama bado umekubali, na kila unapoikanyaga umejibu.

Nimekuwa nikiendesha baisikeli ya mbio kwa miaka sita, Jumapili asubuhi, pamoja na watu wenye kazi za ofisini na miguu ya wastani. Hatushindi chochote. Tunatoka Nairobi gizani, tunaumia, tunarudi nyumbani kula. Na kwa muda mrefu nimekuwa na swali linalonisumbua kuliko mapaja yangu. Taabu niliyojichagulia mwenyewe ina thamani gani? Je, inanifanya kuwa mtu bora? Na kama inanifanya bora, mbona kuna watu wanaotaabika zaidi yangu kwenye mlima uleule, na hakuna anayewapigia makofi?

Mlima ninaouzungumzia ni barabara ya zamani inayopanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka mji wa Mai Mahiu kuelekea Rironi na Limuru. Mai Mahiu ni jina la Kikikuyu, maana yake maji moto. Chini kuna joto na vumbi, na malori yanapanga foleni. Juu kuna baridi na ukungu wa Limuru. Katikati, barabara imeng'ang'ania ukuta wa mlima: mkono mmoja mwamba, mkono wa pili bonde lote limelala wazi, na Longonot imesimama kwa mbali. Malori yaliyojaa shehena hupanda polepole mno, hata mtu wa baisikeli anaweza kukwama nyuma ya moja na kuvuta moshi wake wa dizeli kona baada ya kona.

Hesabu ya mlima haina siri. Pahali penye mwinuko wa asilimia 8, kila mita 100 za barabara zinakupandisha karibu mita 8. Mimi na baisikeli yangu tuna kilo 80. Ili tupande hapo kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, miguu yangu lazima itoe kama wati 175 za kupambana na uzito tu, kabla sijahesabu upepo na msuguano wa matairi. Gia yangu nyepesi kabisa ina meno 34 mbele na 32 nyuma, kwa hiyo pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja na kidogo. Gia hainipunguzii kazi, inaigawa tu vipande vidogo vinavyomezeka. Mlima haujui cheo chako wala ukoo wako. Haukubali hongo. Katika nchi yetu hilo peke yake ni pumziko.

Kutokana na ukweli huo mdogo watu huvuna falsafa nyingi kuliko walizopanda.

Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, meneja mmoja alikuwa mwendesha baisikeli hodari kuliko mimi. Mwaka mmoja mishahara ilichelewa miezi miwili. Akaitisha mkutano, akaangaza ukutani picha yake akiwa kileleni, jasho likimtiririka, na akatueleza jinsi mlima unavyomfundisha mtu kutokata tamaa. Akamtaja Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara 4. Ujumbe ulikuwa wazi: vumilieni, kilele kipo. Nyuma yangu alikaa dada wa usafi ambaye, tangu nauli imwishie, alikuwa akija kazini kwa miguu. Hakusema neno. Aliitazama ile picha kama mtu anavyotazama tangazo la bidhaa ambayo hataweza kuinunua.

Nilitoka pale na hasira, lakini ilinichukua muda kujua hasira hiyo ilikuwa ya nini. Maana meneja hakusema uongo. Mlima kweli hufundisha uvumilivu. Froome kweli alitoka kwenye barabara zetu. Kila sentensi ilikuwa sahihi, na hotuba nzima ilikuwa dhuluma.

Jibu nilianza kulipata kwa mzee mmoja, miezi kadhaa baadaye. Nilimkuta pembeni mwa barabara ya Mai Mahiu akisukuma baisikeli nyeusi, zile tunazoziita Black Mamba, na kwenye keria amefunga magunia mawili ya mkaa. Alikuwa ameegemeza jiwe nyuma ya gurudumu ili apumzike. Nami nilikuwa nimeishiwa pumzi, nikasimama karibu naye.

"Habari yako, mzee."

"Nzuri, kijana yangu. Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Na unapanda hivi?"

"Ni mazoezi tu."

"Mazoezi ya nini? Ya kuja kupanda tena?"

Tulicheka wote wawili. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Na ukichoka kabisa, unafanya nini?"

"Nageuza, nateremka."

"Ah," akasema, akitoa jiwe lake. "Basi wewe unacheza. Si vibaya. Cheza."

Hakunidharau. Alikuwa ameniweka mahali pangu, na mahali penyewe palikuwa sahihi. Nilipokuwa nikiendelea kupanda nilipiga hesabu kichwani. Yeye kilo 60, baisikeli 20, mkaa labda 80: jumla kilo 160, mara mbili ya uzito wangu. Kuupandisha mzigo huo kwa mwendo wangu kungehitaji karibu wati 350. Hakuna mzee atakayetoa nguvu hizo kwa gia moja, ndiyo maana alitembea. Lakini wati hazikuwa tofauti kubwa kati yetu. Tofauti kubwa ilikuwa katika jibu la swali lake. Mimi nikichoka nageuza. Yeye akigeuza, mkaa unarudi naye, na jioni sufuria inabaki tupu.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha 1978, alisema jambo ambalo mzee yule alilifikia bila kitabu. Kwa Suits, mchezaji ni mtu anayejiwekea njia ngumu kwa makusudi huku njia nyepesi ikiwapo, kwa sababu ugumu wenyewe ndio unaouzaa mchezo. Mcheza gofu angeweza kuubeba mpira kwa mkono na kuutia shimoni. Mimi ningeweza kupanda matatu. Nauli ninayo, na hilo ndilo linaloigeuza taabu yangu kuwa mchezo. Mtu asiye na njia nyepesi hachezi, hata akifanya mwendo uleule, kwenye kona ileile, kwa jasho lilelile.

Basi kosa la hotuba ya meneja lilikuwa hapa: alichukua taabu yenye mlango wa kutokea, akaitumia kuwahubiria watu ambao mlango wao ameufunga yeye. Aliazima heshima ya ridhaa akaivika shuruti. Uvumilivu wa mwendesha baisikeli ni sifa kwa kuwa angeweza kuacha. Ukimwambia asiyeweza kuacha avumilie, hujamfundisha tabia njema. Umemwomba akusaidie kumdhulumu bila kelele.

Barabara yenyewe ina ushahidi wake. Karibu na chini ya mlima huo kuna kanisa dogo, lililojengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitumikishwa na Waingereza kujenga barabara hiyo. Lami ninayoisifu Jumapili ina asili yake katika jasho la watu ambao hakuna aliyewauliza kama wameridhia. Huenda waliimba wakifanya kazi, huenda walikuwa mafundi wenye fahari. Hilo halibadilishi chochote. Mtu anaweza kuwa hodari ndani ya shuruti, na tukimsifu tusiisahau shuruti.

Najua pingamizi litakalokuja. Je, taabu ya hiari haimfundishi mtu huruma? Aliyeonja jasho si atamjali zaidi anayetoka jasho? Wakati mwingine ndiyo. Lakini wahenga walishaonya kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mlima umenifundisha mengi juu ya mapigo ya moyo wangu, hofu yangu na kiburi changu. Juu ya maisha ya muuza mkaa haujanifundisha lolote, ila pale niliposimama tukazungumza. Maumivu ya miguu hayana masikio.

Fikiria saumu ya Ramadhani. Husemwa mara nyingi kwamba aliyefunga huijua njaa ya maskini. Huijua kiasi, maana njaa yake ina adhana ya magharibi mwishoni, na aghalabu tende na uji vinamngoja. Dini inaonekana kulijua hilo. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kutofunga, na mwezi ukiisha kuna zaka ya fitri, inayotakiwa kumfikia maskini kabla ya swala ya Idi. Kuhisi njaa hakukuhesabiwa kuwa kumetosha. Taabu ya hiari iliambatanishwa na haki ya mtu mwingine. Sisi wa baisikeli tumechukua njaa tukaiacha zaka.

Na ridhaa yenyewe si kitu cha kupewa mara moja kikadumu. Inaweza kumtoka mtu akiwa juu ya baisikeli bila yeye kujua. Tarehe 13 Julai 1967, Mwingereza Tom Simpson alianguka akipanda Mont Ventoux katika Tour de France. Aliinuliwa, akaendesha tena kidogo, akaanguka tena, akafa akiwa na miaka 29. Mwilini mwake zilipatikana amfetamini na pombe. Froome alishinda kwenye mlima huohuo 2013, na tunamkumbuka kwa fahari. Lakini Simpson pia alikuwa hodari, na hatuwezi kusema kwa uhakika ni wapi uchaguzi wake ulikoma na kitu kingine kikashika usukani: mkataba, umaarufu, dawa. Hata sisi wadogo tunalo toleo letu. Simu inarekodi muda, majina yanapangwa kwa mpangilio wa kasi, na mtu mwenye homa anatoka nje Jumapili kwa kuogopa kushuka nafasi tatu. Ukishindwa kugeuza, hauko tena kwenye mchezo wa ridhaa, hata kama hulipwi senti.

Je, niache basi kupanda? Sioni sababu. Mzee mwenyewe alisema si vibaya. Suits alikwenda mbali zaidi: katika dunia ambayo kila hitaji limetoshelezwa, alidai, michezo ndiyo ingebaki kuwa kazi ya watu, kwa kuwa mchezo ndilo jambo tunalolifanya kwa ajili yake lenyewe. Panzi wa kitabu chake ni yule wa hadithi ya kale, aliyecheza wakati chungu wanaweka akiba. Nikiisoma hoja hiyo nikiwa Mai Mahiu, naiona kama deni. Kama kupanda mlima kwa kutaka ni mfano mdogo wa maisha mema, basi haitoshi kwamba mimi ninao. Ninapaswa kutaka mlima wa yule mzee nao uwe wa ridhaa: mkaa wake usafiri kwa gari la bei anayoimudu, barabara iwe na njia ya pembeni ambapo lori halimfagii, malipo yake yamruhusu kukaa nyumbani siku anayougua. Ninapaswa kumwuliza mwajiri wangu, mkutanoni, ni nani kati yetu anayeweza kugeuza. Hayo hayapandi kwa pedali.

Nadhani hii ndiyo thamani ya taabu ya hiari, na si ndogo. Mtu hawi bora kwa kuumia. Ila anayeumia kwa kutaka anajua, ndani ya mwili wake, ladha ya uwezo wa kuacha. Anajua jinsi uwezo huo unavyoibadilisha taabu nzima, jinsi unavyoifanya ibebeke, hata ipendeze. Aliyewahi kuionja ladha hiyo hana udhuru wa kudhani kwamba wengine hawaihitaji.

Kwenye kikundi chetu imezaliwa desturi ambayo hakuna aliyeitunga. Mtu akishuka kwenye baisikeli na kuanza kusukuma, hatumpigii kelele za kumtia moyo. Tunatangulia, tunamsubiri juu penye mahindi ya kuchoma, na akifika anapewa la kwake likiwa bado moto. Na akipiga simu kutoka kona ya nne kusema anarudi chini, hakuna anayemuuliza kwa nini. Tunamkumbusha tu aangalie breki.