Ahadi ya Mdomo na Daftari la Ardhi

Wapendwa, mara nyingi twasikia ikisemwa kwamba baina ya mama na mwanawe hakuna haja ya karatasi. Baba amefariki, shamba limeandikwa jina la mwana mkubwa, naye ameahidi mbele ya wazee kwamba mama atakaa katika nyumba ile mpaka Mungu amwite. Mama akitaka ahadi hiyo iandikwe, huambiwa anamshuku mtoto wa tumbo lake. Je, kuandika ni kutoaminiana?

Sisi twaona sivyo. Mwana aweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini aweza kufa kabla ya mama yake, au kuweka shamba rehani benki akashindwa kulipa. Mnunuzi atakayekuja siku ya mnada hakuwapo siku ya ahadi. Yeye husoma daftari la ardhi, na humo mama hatajwi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa Kenya, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 yamtambua mjane. Marehemu akiacha mke na watoto bila wosia, mke huwa na haki ya kuitumia mali iliyobaki maadamu yu hai, ndipo watoto warithi. Basi jamaa wanapokwenda mahakamani, wahakikishe haki hiyo imetajwa katika hati ya mirathi, kisha imeandikishwa katika Ofisi ya Ardhi. Tena Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yamruhusu mwenye kudai haki katika shamba kuomba tahadhari iandikwe, lisiuzwe kabla yeye kuarifiwa.

Nabii Yeremia, katika sura ya 32, alinunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, jamaa yake mwenyewe, kwa shekeli 17 za fedha. Ingawa walikuwa ndugu, aliandika hati, akaweka mashahidi, akaagiza itiwe katika chombo cha udongo ipate kudumu.

Wengine husema kwamba haki iliyoandikwa humfunga mwana, hawezi kuuza wala kukopa apendavyo. Ni kweli, lakini ndiyo maana ya kuahidi. Akikataa kuandika kwa sababu hiyo, basi tangu mwanzo hakukusudia kufungwa na neno lake.

Ndugu, tuandike tungali twapendana, kwa maana waliokwisha kugombana hawakubali kutia sahihi.