Nderema na Haki ya Jirani



Ndugu zangu katika imani, hapa Masaka, wilayani Kicukiro, kwenye ua wa nyumba ninayopanga chumba umetambaa mmea ambao wenyeji huuita inderama, nasi kwa Kiswahili nderema. Majani yake ni manene, yana mlenda, na hupikwa mboga. Ukiyachuma, huchipua mengine. Na kipande cha shina ukikichomeka kwenye udongo wenye maji, hushika mizizi.

Tuzingatie. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba sadaka haipunguzi mali, na kwamba alichopanda Muislamu kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Alimuusia Abu Dharr (r.a.) aongeze maji kwenye mchuzi ili awakumbuke majirani.

Kwa nini nayasema haya? Mwenzetu akifunga Jumatatu na Alhamisi, tunamwombea kabuli. Lakini akifunga wiki nzima mwishoni mwa muhula, pengine hana cha kupika, na haya zinamzuia kusema. Tusingoje aombe. Tumgongee mlango Magharibi, tumwambie, "Karibu tufuturu," bila kumhoji wala kumtangaza, kwani Allah ametukataza kuzibatilisha sadaka kwa masimango na maudhi (Al-Baqara, 264).

Mwenye kipande cha ardhi, hata gunia la udongo, apande nderema. Na kila sufuria iwe na sahani ya jirani.

Allah atutakabalie. Amin.