Asilimia Moja na Nusu na Nyumba ya Jirani

Tangu mwaka 2023 kuna swali ambalo waumini huniletea baada ya ibada, wakiwa bado wameshika kitabu cha nyimbo mkononi: Mchungaji, ni haki kweli nikatwe mshahara ili mtu nisiyemjua ajengewe nyumba? Wengine huliuliza kwa hasira. Wengine huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuuliza tu ni kukosa upendo. Mimi naliona kuwa swali la imani kabisa, nalo halijibiwi kwa kumwambia mtu awe mkarimu.

Tukumbushane kwanza mambo yalivyokwenda hapa Kenya. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka tozo ya nyumba za bei nafuu: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi kabla ya makato mengine, na mwajiri aongeze kiasi kama hicho. Anayelipwa shilingi 30,000 akawa anakatwa 450 kila mwezi. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema tozo hiyo inakiuka Katiba, sababu mojawapo ikiwa kwamba iliwabana walioajiriwa rasmi na kuwaacha wengine wenye mapato. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuusimamisha uamuzi huo. Bunge likatunga sheria nyingine, Rais akaitia sahihi Machi 19, 2024, na hiyo inamgusa kila mwenye mapato. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yaliyobaki mioyoni ni kwamba watu walikatwa kwanza, wakaelezwa baadaye.

Hata hivyo shida yenyewe si ya kubuni. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Linganisha maneno hayo na chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi huko Mukuru au Kibra, mtaro wa maji machafu ukipita mbele ya mlango, choo kinachotumiwa na ploti nzima, na mama anayenunua maji kwa mtungi kwa bei inayozidi ile ya mtu wa mtaa wa mabwanyenye anayefungua bomba jikoni. Lugha yetu hutumia neno moja, kodi, kwa pesa anayopewa mwenye nyumba na kwa pesa inayokwenda serikalini. Mpangaji wa Mukuru anazilipa kodi zote mbili, maana kila anaponunua sabuni kuna ushuru ndani yake. Asidhani mtu kwamba maskini wamekaa tu wakisubiri vya wengine.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, haishii kwenye mkate. Anahesabu chakula na mavazi, nyumba na shamba, mifugo na fedha, hata watawala wema na majirani waaminifu. Tuliokaririshwa maelezo hayo darasa la kipaimara twayajua, ila mara nyingi tuliyapita mbio ili tupate alama. Nyumba imo ndani ya Baba Yetu. Tena sala yenyewe haisemi unipe, inasema utupe. Nikiisali nikiwa kwenye nyumba yangu ya mawe, nimemwombea makao na yule wa kwenye mabati, nipende nisipende.

Hapo msomaji makini atanikatiza: kuomba ni jambo moja, kulazimishwa ni jambo lingine. Mtume Paulo, alipokuwa akiwachangia maskini wa Yerusalemu, aliwaambia Wakorintho kwamba kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, bila kushurutishwa. Basi tozo inayokatwa kabla mshahara haujafika benki itakuwaje upendo?

Haiwi upendo, na haipaswi kuitwa hivyo. Sisi Walutheri tumefundishwa kutofautisha serikali mbili za Mungu: kwa Injili anauita moyo, na kwa sheria anaizuia dunia isije ikaangamia. Kodi iko upande wa sheria. Hakuna anayeuliza kama lami ya barabara ilitolewa kwa furaha. Tunauliza kama barabara imefika. Kwa hiyo mwanasiasa akisimama madhabahuni na kuita tozo hiyo ukarimu wa Wakenya, amechanganya mambo, na sisi wachungaji tunaomkabidhi kipaza sauti tumemsaidia kuchanganya. Wazee wetu waliyaona hayo kwenye harambee. Kilichoanza kama kusaidiana kikafika mahali ambapo chifu anaamua kila boma litoe nini, na asiyetoa anachukuliwa kuku. Tozo na iitwe tozo. Tukishakubaliana hapo, swali halihusu tena furaha ya mtoaji, bali haki: je, inatozwa kwa haki, inatunzwa kwa haki, inagawiwa kwa haki?

Na hapa kanisa letu lina historia ambayo ni wachache wanaoijua. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig, huko Saxony, uliweka hazina ya pamoja kwa ajili ya wazee, yatima, maskini na mafundi walioishiwa mtaji. Luther mwenyewe aliandika utangulizi wa utaratibu wake. Ulitaka mali ya kanisa na sadaka za watu ziingie humo; lakini iwapo hazitatosha, kila mtu atozwe kwa mwaka kulingana na uwezo wake. Yaani tozo. Wale watu walijua kwamba njaa ya yatima haingoji moyo wa tajiri uguswe.

Ila tazama walivyoilinda. Walichagua wasimamizi kumi: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa wenyeji wa mji na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Sanduku liliwekwa kufuli nne, na kila kundi likashika ufunguo wake. Halikufunguka mpaka mkulima awepo. Na mara tatu kwa mwaka hesabu zilisomwa mbele ya mkutano wa watu wote. Hawa hawakuwa malaika: baraza la mji lilikataa kuachilia mali iliyotakiwa kuingia katika hazina hiyo, Luther akabaki akilalamika. Lakini wazo la kufuli nne ni la watu wanaomjua mwanadamu vizuri.

Paulo naye alimjua. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya nane, anaeleza kwa nini hakuubeba mchango peke yake: aliandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu juu ya fedha nyingi namna ile. Mtume mzima, aliyetokewa na Bwana njiani, alitaka mashahidi wa pesa. Waziri gani aone kwamba amedharauliwa akiulizwa hesabu?

Kuna mahali wananchi walianza na swali badala ya makato. Katika jimbo la Colorado, Marekani, mwaka 2022 wapiga kura waliulizwa kwenye karatasi ya kura kama wanataka sehemu ndogo ya kodi ya mapato, sawa na moja ya kumi ya asilimia moja ya mapato yanayotozwa kodi, iwekwe kwenye mfuko wa jimbo zima wa nyumba za bei nafuu. Jimbo hilo lina sheria tangu 1992 kwamba serikali ikikusanya kupita kiwango fulani, ziada inarudishwa kwa walipa kodi. Kwa hiyo kila aliyesema ndiyo alijua kwamba cheki yake ya marejesho inaweza kupungua. Zaidi kidogo ya nusu walikubali. Miji na kaunti zinazotaka kufaidika zikatakiwa kuahidi kuongeza nyumba za namna hiyo kwa asilimia tatu kila mwaka. Si mfano mtakatifu. Karibu nusu ya watu walikataa, na kukubali hakujengi nyumba usiku mmoja. Lakini aliyeutaka mfuko ule alilazimika kumweleza jirani yake, akasikiliza na hoja zake. Kuungwa mkono na watu hutafutwa hivyo, kwa miguu.

Namfikiria mwalimu mmoja wa usharika wetu. Anapanga, ana watoto wawili shuleni, anakatwa kila mwezi, na anajua kwamba huenda asipate nyumba yoyote ya mpango huu. Yeye pia ni jirani. Siwezi kumwambia anyamaze kwa sababu kuna aliye maskini kuliko yeye. Naweza kumwambia kwamba kulipa ni halali, na kwamba kulipa kunampa haki ya kudai ufunguo wake wa sanduku. Orodha ya waliopewa nyumba isomwe. Mkandarasi atajwe na bei yake. Na fundi wa mjengo alipwe Jumamosi, maana Yeremia, katika sura ya 22, anamtangazia ole mfalme anayejenga jumba kwa kumtumikisha jirani bila ujira. Nyumba ya bei nafuu iliyojengwa kwa jasho lisilolipwa ingemkasirisha nabii yule yule.

Ugawaji ndio mgumu zaidi. Baadhi ya watu wa Soweto Mashariki, Kibra, waliohamishiwa nyumba za serikali karibu na Lang'ata kuanzia 2009, walizipangisha kwa wenye uwezo, wao wakarudi kwenye mabati. Nimesikia watu wakiwacheka. Mimi sicheki. Mtu wa kibarua asiye na hakika ya kesho akipewa kitu kimoja chenye thamani, atakifanya chakula kwanza. Anayepanga mipango ya nyumba bila kuuliza watu watakula nini amesoma nusu tu ya ombi la mkate wa kila siku.

Na kanisa je? Tuna viwanja vilivyozungushiwa ua miaka mingi, vikiota magugu, tukingoja wafadhili. Tuna pia, tuseme ukweli, washarika waaminifu na wazee wa kanisa wanaomiliki ploti za mabati, na baadhi ya fungu la kumi tunalolipokea linatoka huko. Sijui mahubiri mengi yanayogusa jambo hilo. Baada ya somo moja juu ya Isaya 58, mwenye ploti mmoja alinifuata akaniuliza kama nataka apunguze kodi. Nilimwambia aanze na choo. Ana vyumba kumi na vinane, na wapangaji wote wanatumia tundu moja. Ameniahidi la pili kabla ya Krismasi, na wapangaji wake wawili wamo katika kwaya, kwa hiyo nitajua.