Snape ni wa nani? Na wewe je?



Wapenzi wa Harry Potter mnakijua kisa hiki. Julai 2005 kilitoka kitabu cha sita, na humo Snape anamuua Dumbledore, mzee aliyemwamini sana. Kwa miaka miwili wasomaji wakabishana: ni msaliti, au bado yuko upande wa wema? Julai 2007 kikatoka cha saba. Kumbe Dumbledore mwenyewe ndiye aliyemwomba afanye vile, na yule mwalimu mkali asiyependeka alikuwa akimlinda Harry miaka yote. Aliyewasaliti wazazi wa Harry ni Pettigrew, rafiki yao wa kuaminiwa.

Nikisoma Injili nakutana na jambo kama hilo, ila hii si hadithi ya kubuni. Yuda alipotoka kwenye Karamu ya Mwisho, wenzake hawakumshuku. Alikuwa mshika mfuko, wakadhani ametumwa kununua vitu vya sikukuu au kuwapa maskini (Yn 13:29). Na kesho yake, wanafunzi wakiwa wamekimbia, nani aliuomba mwili wa Bwana kwa Pilato? Yosefu wa Arimathaya, mfuasi wa siri kwa sababu ya woga. Nani alileta manukato? Nikodemo, yule wa usiku (Yn 19:38-39). Nani angewategemea hao?

Nasi tunapenda kukisia. Huyu haonekani kwaya siku hizi, basi ameshamwacha Mungu. Yule kila mara yuko mbele, basi mtakatifu. Jamani, hakuna mtu ambaye tumeshafika ukurasa wake wa mwisho!

Yesu aliposema mmoja wao atamsaliti, Mathayo anasimulia kwamba kila mtume alihuzunika, akauliza kama ni yeye (Mt 26:22). Hata Yuda aliuliza, ila jibu alikuwa nalo: vipande 30 vya fedha alishavipokea. Petro naye alimkana Bwana usiku uleule, lakini akalia, akarudi.

Basi wiki hii, kabla hujamjadili mwenzako, piga magoti mbele ya Ekaristi uulize swali lile la mitume. Jibu likikuchoma, usikimbie. Nenda kwenye kitubio. Njia ya Petro bado iko wazi.

Ee Yesu, unayeijua mioyo yetu, utujalie kuwa wako hadi mwisho. Amina.