Kitabu Ambacho Hatumo

Klabu yetu ya vitabu hapa Dar es Salaam husoma riwaya nne kwa mwaka: moja ya Tanzania, moja ya nchi nyingine ya Afrika, moja kutoka Asia au Amerika, na moja ambayo mambo yake yanatokea Ulaya. Tatu za kwanza huchaguliwa ndani ya dakika kumi. Ya nne hutuchukua mwezi mzima, na mara nyingine watu hununiana. Hakuna anayegombana kuhusu Japani au Brazili. Ikifika Ulaya, kila mmoja anahisi kwamba anaulizwa swali jingine kabisa: tunasimama wapi tunapowatazama waliotutawala?

Mwaka huu yaliletwa mapendekezo matatu, yote ya kusomwa kwa Kiingereza. La kwanza lilikuwa By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2001, ambamo mzee wa Zanzibar anatua Gatwick kuomba hifadhi, mkononi ana pasipoti yenye jina la mtu mwingine na kikasha cha udi. La pili lilikuwa Go, Went, Gone ya Jenny Erpenbeck, iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 2015, kuhusu profesa mstaafu wa Berlin anayeanza kuwatembelea wakimbizi wa Kiafrika. La tatu lilikuwa The Remains of the Day ya Kazuo Ishiguro, iliyoshinda tuzo ya Booker mwaka 1989. Msimulizi wake ni Stevens, mkuu wa watumishi katika jumba la bwana mmoja wa Kiingereza, Lord Darlington.

Katika vitabu viwili vya kwanza, tumo. Katika cha tatu hakuna mhusika Mwafrika. Afrika yenyewe inapita kama upepo: kaka yake Stevens alifia katika Vita vya Makaburu. Basi.

Mwalimu mstaafu, mkubwa wetu kwa umri, alipinga hicho cha tatu. "Wanangu," alisema, "shule ilinilisha Uingereza nikiwa sina hiari. Leo nitoe hela yangu nikailishwe tena?" Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ifutwe. Lakini hawakusema tuache kusoma vya wengine. Walitaka Afrika iwe katikati, na wengine watazamwe kutoka hapo. Kwa hiyo Mwalimu na mimi tunakubaliana kuhusu mahali pa kusimama. Tunachobishania ni kipi cha kutazama.

Picha ya harusi ikiletwa nyumbani, kila mtu hutafuta kwanza uso wake. Nimeona klabu yetu ikisoma hivyo. Riwaya ya Ulaya ikiwa na Mwafrika ndani, jioni nzima huishia kwake: amepewa heshima yake au amegeuzwa mtu wa kuhurumiwa? Mwandishi anatujua au anatubuni? Maswali hayo ni ya haki, na Gurnah na Erpenbeck wanayastahili. Ila tukiyauliza hayo tu, tunabaki mashahidi wa kesi yetu wenyewe, na yule Mzungu anabaki kuwa mtu ambaye maana yake yote ni jinsi alivyotutendea.

Kitabu ambacho hatumo kinatupa kiti kingine, kile cha wazee barazani wanaosikiliza shauri la watu wengine. Na shauri la Stevens tuna uwezo wa kulisikiliza, maana utumishi tunaujua. Sisi tuna methali inayosema, mtumikie kafiri upate mradi wako. Waliotuachia methali hiyo walijua jambo ambalo Stevens hakulijua, kwamba mikono inaweza kuwa ya bwana na moyo ukabaki wako. Stevens alitoa vyote. Usiku ambao baba yake anakufa ghorofani, mwaka 1923, yeye yuko chini anawahudumia wageni wa mkutano wa bwana wake, na baadaye anaukumbuka usiku ule kwa fahari. Mwanamke aliyempenda, Miss Kenton, anaondoka akaolewe na mwingine, naye hasemi neno. Mwaka 1956, akiwa safarini kwa gari la tajiri wake mpya, Mmarekani, ndipo anapoanza kuona kwamba hakuwa na mradi wowote.

Nikisoma hayo namhurumia, na huruma hiyo ni ngeni kwangu. Shule ilinifundisha kumstahi Mwingereza, na historia ikanifundisha kumkasirikia. Njia zote mbili zilimwacha akiwa mkubwa kuliko mimi. Ukimhurumia mtu, mnakuwa kimo kimoja.

Lakini shauri haliishii kwenye huruma. Lord Darlington, aliyekuwa ameanza kuvutwa na mawazo ya kifashisti, anaamuru watumishi wawili wa kike wafukuzwe kwa sababu ni Wayahudi. Stevens anatii. Miss Kenton anapinga, anatishia kuacha kazi, kisha anabaki kwa kuwa hana pa kwenda. Hapo methali yetu inakosa la kusema. Inatufundisha jinsi ya kuokoka chini ya bwana mbaya, lakini haisemi lolote kuhusu mtu wa tatu, yule anayeumizwa na utii wetu. Na sisi tulikuwa nao watu wa tatu. Maakida waliomtumikia Mjerumani walikusanya kodi na kusimamia kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na Maji Maji ya mwaka 1905 ilianzia huko penye pamba. Bila shaka baadhi yao walikuwa na mradi wao. Uliwafaa wao, na wengine wakaulipia.

Tukiacha ya zamani, wengi wetu katika klabu tuna dada wa kazi nyumbani. Sikilizeni tunavyowasifu: hana maneno, mtulivu, utafikiri hayupo. Ndiyo sifa aliyoililia Stevens maisha yake yote, akaiita heshima ya kazi. Dada akipigiwa simu ya msiba kutoka kijijini siku nyumba ina wageni, anaruhusiwa kuondoka saa ileile, au anaambiwa asubiri kidogo? Kila msomaji anajua jibu la nyumba yake. Riwaya inayotutaja ingetupa nafasi ya kujitetea. Hii haituhusu hata kidogo, kwa hiyo tunamhukumu Darlington kwa sauti kubwa, mpaka tunakuta tumekwisha kujisomea hukumu.

Kwa hiyo kipimo changu cha kuchagua riwaya ya Ulaya ni hiki: iwe na jambo ambalo sisi tuna haki ya kuliamua, na iwe na uwezo wa kutuamua na sisi. Kinachokosa la kwanza kinaturudisha darasani. Kikikosa la pili, tunatoka nacho tukiwa watu wema kama tulivyoingia, na hiyo ni hasara ya mwezi mzima. Gurnah na Erpenbeck tutawafikia, na nadhani tutawasoma vizuri zaidi tukishazoea kumtazama Mzungu bila kwanza kujitafuta.

Mwalimu alikubali shingo upande, akaongeza swali. Aliuliza kama dada zetu wa kazi hawangekuwa na la kusema kuhusu Stevens kuliko sisi. Naamini wangekuwa nalo. Lakini hakuna aliyemwalika wake, na mimi simo katika waliojitolea. Kitabu tumekwisha kukichagua. Nani akae kukijadili, bado.