Twahara ya Nguo Isiwe Adha ya Mwili

Ndugu zetu Waislamu,

Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake (S.A.W.) kuzitwahirisha nguo zake, na amri hiyo imo katika Sura ya Muddathir. Lakini wengi wetu twadhani twahara ni weupe wa kumetameta na harufu kali. Maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa, hayatoi povu upesi. Basi mtu huzidisha sabuni, akatia na dawa ya kung'arishia, kisha akasuuza mara moja. Masalio hukaa ndani ya nguo, na mtoto mwenye ngozi laini hujikuna usiku kucha hata akatoka damu.

Je, sheria haikuitazama ngozi? Hariri ni haramu kwa wanaume, lakini Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam kuivaa kwa sababu ya mwasho uliowapata. Ikiwa katazo lililegezwa ili mwasho upoe, vipi sisi tuununue mwasho kwa fedha zetu?

Na wanazuoni wa Kishafi wamesema: najisi ikisha kuondoka, rangi iliyoshindikana kutoka husamehewa. Basi tumieni sabuni kidogo isiyo na manukato, msuuze vizuri bila ya israfu, mwanike juani. Wala msimwage maji ya sabuni karibu na kisima. Jiwe la pwani lina matundu, na maji hayo humrudia jirani.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.